Mbio za Parokia na Dakika 102 za Mzee Baltazar

Jumatano, 10 Septemba 2025

Parokia yetu hapa Tlawi inatafuta mwalimu wa kompyuta. Nafasi moja, waombaji wawili: mimi, na Hilda mwenye duka la kuchapa mjini Mbulu. Katekista Tadeo kasema atatupima kwenye mbio za Jumamosi. Nimejitolea kuandika programu ya kupanga washindi kabla Hilda hajafumbua mdomo. Kazi ninaitaka mno.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeijaribu programu kwa dakika za mazoezi: 38, 41, 56. Imepanga sawasawa. Nimejipongeza kwa chai ya maziwa. Hilda kapita, kachungulia, kasema dakika nimeziacha kama maandishi, nizigeuze kwanza kuwa namba. Nikamjibu kwamba 38 ni namba hata kwa mtoto wa chekechea. Wivu tu huo!

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa. Patriki kamaliza wa kwanza kwa dakika 38, kila mtu kamwona. Mzee Baltazar, miaka sabini na moja, kafika na fimbo yake kwa dakika 102. Katekista akasoma orodha yangu kwenye kipaza sauti: wa kwanza, Baltazar. Mzee akashukuru, akamchukua kondoo wa zawadi, akaenda zake naye. Nani angemzuia? Mimi nilimwamkia shikamoo tu. Hilda akaeleza mbele ya watu kwamba kompyuta imepanga dakika kama inavyopanga majina: imetazama alama ya mwanzo, 1 ikatangulia 3. Katekista kaahidi kondoo wa pili, nami nirekebishe orodha. Bado nina nafasi!

Jumapili, 14 Septemba

Nimegeuza zote kuwa namba, bila kumuuliza mtu. Palipokuwa na maneno programu iligoma, nikaiamuru ihesabu sifuri. Safi kabisa. Baada ya misa orodha ikasomwa upya: wa kwanza, Basili. Lo! Basili hata hakumaliza. Mama Marieta, mwandika muda, alijaza kwenye nafasi yake "aliishia kwa shangazi". Basi kakimbia dakika sifuri. Kaja na kamba kudai kondoo. Katekista akaniambia, "Sulle mwanangu, kapumzike."

Jumatatu, 15 Septemba

Kazi kapewa Hilda. Nimeumia, sifichi. Nimeshinda ndani nikichunguza kosa lilipoanzia, na nimelipata: Mzee Baltazar. Angemaliza chini ya dakika mia, programu yangu ya kwanza ingepanga vizuri tu. Nimemwandikia Katekista barua ya heshima: mwakani wazee waongeze mwendo.