Krimu Inayokunywa Mafuta

Jumatatu, 10 Juni

Pipa limefika kutoka Auckland! Dada amelijaza makopo ya nyama, mashuka, na viatu vya Baba vya kanisani. Ndani ya viatu, hazina yangu: krimu tatu, chupa ya seramu, na barakoa ya udongo wa kijivu. Nimebusu kila kimoja. Mama kaniuliza kama nina homa.

Nikaijaribu barakoa papo hapo. Ikakauka. Nikacheka, ikapasuka. Mbwa akanibwekea mpaka nikanawa. Lakini ngozi niliyoikuta chini yake, jamani! Nimejipapasa mashavu hadi mihogo ikaungulia jikoni.

Nimeisifia kwenye blogu yangu kwa aya saba. Wa kwanza kujibu ni jirani yetu Meliame. Naye ana blogu, eti. Anauza sabuni ya mapapai anayoipika kwenye sufuria ya chakula cha nguruwe. Kaandika: hongera, sasa umefanana na picha yako ya pasipoti. Nimefuta. Kaandika tena. Nimefuta tena. Wivu tu unamsumbua.

Jumanne, 11 Juni

Balaa! Shangazi Kalolaine, dada yake Baba, kaingia bila hodi. Kanikuta nimejipaka seramu, nimefunga tochi kwenye mpini wa fagio, napiga picha pua yangu. Akauliza pua ina nini. Nikamwambia haina kitu, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Hakufurahi. Akaniuliza, msichana wa miaka ishirini na nane, kazi hii ya kujipaka na kujiandika inamsaidia nani hapa kisiwani kwetu, mtaa wa Kolomotu'a. Nikasema ni wito. Akasema wito ni wa wachungaji. Nikasema nina wasomaji. Akasema nitaje mmoja. Kwa kuchanganyikiwa, nikamtaja Meliame!

Hukumu ikatoka palepale. Jumamosi kuna tamasha la kuchangia paa la kanisa, na Pisila, kitinda mimba wake, atacheza tau'olunga, ngoma yetu ya wasichana, peke yake mbele ya watu. Mimi ndiye nitakayempaka mafuta na kumpamba. Kama ujuzi wangu utafaa kitu mbele ya macho ya watu, sawa. Usipofaa, simu inakuwa yake, blogu inakufa, na mimi najiunga na wanawake wake wa kusuka mikeka, asubuhi hadi jioni, nisijue mwisho lini.

Nikamtazama Baba. Baba anatazama dari. Kwetu shangazi akisema amesema. Angeweza kuchukua nguruwe, kitanda, hata suruali ya Baba, na Baba angemshukuru. Wakati wa kuondoka akachukua krimu yangu ya macho. Ya kupaka visigino! Visigino!

Jumatano, 12 Juni

Nimepata wazo. Nina akili sana mimi, sema tu watu hawajui.

Mcheza tau'olunga hupakwa mafuta ya nazi mwili mzima mpaka ang'ae, watu wakija kumtunza noti zinanata mabegani na mikononi. Vizuri. Lakini bibi zetu walimwaga mafuta tu, mabichi hivyohivyo, bila kuandaa ngozi. Ushamba! Nina krimu ambayo kifuniko chake kimeandikwa kwamba inakunywa mafuta yote na haiachi utelezi hata chembe. Kwenye ulimwengu wa urembo hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo: krimu kwanza, mafuta juu yake, yaingie ndani kabisa, na Pisila ang'ae kutokea kwenye mifupa.

Nimejaribu kwenye mkono wangu. Krimu, kisha mafuta ya nazi. Kufumba na kufumbua, mafuta hayapo! Mkono mkavu kama unga wa ngano. Nimeruka ruka kwa furaha. Mtu anataka uthibitisho gani tena?

Pisila aliogopa kidogo, akasema mama yake atamuua. Nikamwambia yule kijana anayepuliza tromboni kanisani anapenda wasichana wanaotunza ngozi. Akakubali kabla sijamaliza kusema.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui Meliame kajuaje! Nilitangaza kidogo tu kwenye blogu, kwa herufi kubwa, na picha mbili. Sasa anasema ataleta simu tamashani awarushie wafuasi wake muujiza wa Toakase, yaani mimi, moja kwa moja. Alete. Alete na mama yake.

Baba kanijia uani, sauti ya chini, kama tunaiba kuku. Kaniuliza kwa nini nisiiache tu hii shughuli, nikamridhisha shangazi yangu. Nikamwambia ukweli. Kwamba shuleni nilikuwa na chunusi mpaka wakaniita Nanasi. Kwamba nilikuwa nakaa dawati la nyuma niegemee ukuta. Kwamba siku niliyopata krimu ya kwanza ikanisaidia, nilitaka kila mwenye uso kama wangu ajue. Kwamba napenda, Baba, napenda tu, wala sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo.

Baba akakaa chini, akanyoosha miguu. Miguu yake ina magamba kwa sababu ya kava, kile kinywaji cha mizizi anachokunywa na wenzake kila Ijumaa. Nikampaka losheni, akaniachia. Akasema inatekenya. Halafu akasema: basi Jumamosi usiharibu, mwanangu.

Sikuwa na mpango wa kuharibu.

Jumamosi, 15 Juni

Mungu wangu! Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa, watu wamevaa mikeka yao mizuri viunoni kwa heshima, kama desturi yetu, Shangazi mstari wa mbele kabisa. Nyuma ya pazia nikampaka Pisila krimu. Mara mbili, kwa uhakika. Kisha mafuta ya nazi, kikombe kizima. Yakanywewa. Kikombe cha pili. Yakanywewa. Nikamwambia unaona inavyofanya kazi! Pisila akasema anajisikia kama biskuti. Muziki ukaanza, nikamsukuma nje.

Alicheza, jamani. Mikono yake ile, shingo ile! Lakini hakuwa na mng'ao hata wa dawa. Mwanamke wa kwanza akaja kumtunza, akambandika noti begani. Ikaanguka. Akaja wa pili. Ikaanguka. Wa tatu akaisukuma kwa kidole gumba na kuishikilia kabisa. Alipoachia, ikaanguka.

Minong'ono ikaanza. Maana kwetu wanasema mafuta yakikataa kung'aa mwilini mwa msichana anayecheza, basi ana mvulana wa siri. Pisila! Aliyeshindwa hata kumsalimia wa tromboni! Nikaona akina mama wanaegemeana vichwa. Nikaona Meliame kainua simu juu kabisa. Nikamwona Shangazi, midomo imebana, anatazama mbele kama anapigwa picha ya mazishi. Na kidevu cha Pisila kikaanza kutetemeka, huku mikono inaendelea kucheza vilevile, haikosei. Roho iliniuma. Alikuwa ameniamini.

Sikufikiri. Nikabeba galoni ya mafuta. Kwetu ndugu anaruhusiwa kurukia nyuma ya mchezaji afanye vituko vya kumpamba, kwa hiyo nikaruka. Nilikusudia kumnyunyizia kidogokidogo, kistaarabu. Kizibo kikatoka chote. Nusu ya galoni ikamwangukia Pisila, nusu ikanimwagikia mimi kuanzia nywele. Nikateleza. Nikaanguka kifudifudi nikaserereka ukumbi mzima mpaka viatuni mwa mchungaji.

Halafu kicheko! Watu walisimama, wengine wakashika nguzo. Bibi mmoja akaja mbio akanibandika noti kwenye paji la uso. Ikanata! Wakamiminika. Nikijaribu kusimama naanguka, nikianguka natunzwa. Noti kidevuni, noti kwenye viwiko, noti sikioni. Na Pisila naye mafuta yakawa yamezidi, krimu imeshindwa kuyanywa, akaanza kung'aa, kung'aa kabisa, anacheka na kulia kwa pamoja. Ukumbi ukalipuka. Mtunza hazina alisema tutapata paa na mifereji yake.

Kila mtu alicheka. Shangazi hakucheka.

Jumapili, 16 Juni

Jumapili kwetu hakuna kufanya kazi. Shajara si kazi, nimemuuliza Mama.

Baada ya ibada tulikula lu, nyama iliyofungwa na kuokwa kwenye majani. Shangazi akaweka uma chini. Akasema Pisila kamweleza yote, krimu na uongo wa tromboni. Akanyoosha kiganja. Baba akatafuta dari. Nikaiweka simu yangu mkononi mwake, machozi yananitoka. Nikamwona Baba naye anapangusa pua.

Kisha Shangazi akaniita jiko la nje, akafunga mlango. Akasema heshima ya mwanawe ilikuwa imelala sakafuni pamoja na zile noti, na kama nisingejitupa kama gunia la magimbi angeninyoa kipara kwa mikono yake. Nikamwomba radhi. Kwa dhati. Niliinamisha kichwa mpaka shingo ikauma.

Akatazama mlango. Akauliza kama ile krimu imebaki.

Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema harakaharaka, kwa hasira, kwamba anaongoza kwaya, paji lake linatoka jasho, jua la dirishani linalipiga, na watu wa sauti ya tatu wanamwita Kioo. Miaka yote hii wanadhani hajui. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sijawahi kuisikia ndogo.

Nikampaka. Nikampangusa. Paji kavu, laini, safi! Akajitazama kwenye tako la sufuria, kulia, kushoto. Akatabasamu! Sikujua ana meno mazuri vile.

Simu akanirudishia. Masharti mawili: nisimguse mchezaji yeyote tena, na habari ya paji lake isitoke humo jikoni. Asijue mtu. Nikaapa kwa kaburi la bibi. Nililia tena, kwa furaha. Nitamtunzia siri hii mpaka kufa kwangu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimelifikiria jambo hili vizuri nikinywa chai.

Jana jikoni Shangazi alikuwa ameiweka simu yangu mezani, na alipofumba macho nimpake nikapiga picha mbili za lile paji, kabla na baada, kwa ajili ya utafiti tu. Ni picha nzuri mno kufia kwenye simu. Na mtu akifunikwa macho kwa mstari mweusi si mtu tena, ni mfano. Nikaandika juu yake: Mama Fulani wa Kwaya Fulani, Siku ya Kwanza. Kofia yake ya kanisani, ya manyoya ya zambarau, nimeiacha, inaleta uhai.

Mafanikio! Sijawahi kupata wasomaji wengi hivi! Wa kwanza kuandika ni Meliame, anauliza mbona kama Shangazi Kalolaine. Kisha sauti ya tatu yote ikathibitisha ni yeye. Mke wa mchungaji anauliza kama krimu inafaa wanaume. Kila mtu anaisifu! Nani atasema tena kwamba blogu yangu haisaidii watu?

Gari la Shangazi limeingia uani sasa hivi kwa kasi, limegonga ndoo. Anashuka. Injini hajazima. Mkononi ana mkasi wa kukatia nyasi.

Amekuja kunishukuru, masikini. Ngoja nichane nywele, leo nataka tupige picha pamoja.