Ombi la Kuondolewa Umarehemu kwenye Tovuti ya Ofisi

Kwa Mkurugenzi,
Mamlaka ya Maji.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUENDELEA KUFA KWANGU BILA RIDHAA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi pia ni mzima, na shida yangu inaanzia hapo hapo.

Mimi ni msoma mita katika ofisi yako, yule mwenye kofia ya bluu anayepita nyumba kwa nyumba kufunua vifuniko, kunakili namba na kukimbizwa na mbwa. Tangu juma lililopita tovuti ya ofisi inatangaza kwamba nimefariki dunia. Picha yangu imewekwa kwenye fremu nyeusi na chini yake yameandikwa maneno mazuri sana. Sikatai, ni mazuri. Ila si ya kweli, hasa lile la kwanza.

Usije ukadhani nalaumu watu bure, kwa hiyo nieleze chanzo. Afisa Habari wetu aliwahi kuchekwa kwa kuchelewesha tanzia ya mzee wa pampu, iliyotoka wakati mjane ameshaolewa tena. Akaapa hatarudia. Akaketi, akaandika mapema tanzia za watumishi wote wenye mvi, akaziweka tayari, akaacha nafasi ya tarehe tu. Siku aliyopandisha ratiba ya mgao wa maji kwenye tovuti, tanzia yangu ikapanda nayo. Ndiyo maana inasomeka kwamba nilifariki "tarehe jaza hapa". Shemeji yangu amepiga simu kuuliza jaza hapa inaangukia siku gani.

Nilikwenda kwa binti wa mitambo, anayetunza seva, yaani ile kompyuta ya kwenye chumba cha baridi inayowagawia watu kurasa za tovuti. Ni binti mwenye adabu zake. Aliifuta tanzia mbele ya macho yangu. Nikamshukuru, nikawaombea heri wazazi waliomlea. Tukafungua tovuti kuhakikisha, tukakuta nimekufa vile vile.

Akanieleza kwa subira. Kuna mafaili ambayo hayabadiliki kila mara, kama nembo, picha na matangazo. Zamani kila mtu alipoyaomba, seva ilikwenda kuyatafuta kwenye diski, kabati lake la mafaili, na watu wakangoja. Siku hizi imefundishwa kuyasoma mara moja tu na kuyaweka kwenye kumbukumbu yake, kama karani anayejibu swali bila kuinuka kitini. Kwa hiyo diski inajua kabisa kuwa mimi sikufa, lakini seva haiulizi diski tena. Imeshanikariri nikiwa maiti.

Dawa, akasema, ziko mbili. Ya kwanza ni kuizima seva na kuiwasha upya. Hiyo aliniambia kwa sauti ya chini kuwa haiwezekani, kwa kuwa ukumbini kuna bango lenye picha yako, Mheshimiwa, linalosema SEVA YETU HAIJAWAHI KUZIMWA. Ya pili ni kungoja: ukurasa usipoombwa na mtu yeyote kwa siku nzima, seva huutupa yenyewe ili ipate nafasi. Basi nimengoja. Na katika kungoja huko yamenipata haya yafuatayo.

1. Kazi haifanyiki. Mama mmoja aliponiona nafungua lango lake alitupa ndoo, akajifungia ndani, akaniuliza kupitia dirishani nimemfuata yeye kwa lipi, maana bili zangu hazipendi lakini hajawahi kunitukana hadharani. Mwalimu mmoja mstaafu ameandika kwamba mita iliyosomwa na marehemu haimhusu, na ameisaini. Mbwa peke yao ndio hawakubadilika. Wananikimbiza kama zamani, na sikutegemea kwamba siku moja ningewashukuru.

2. Kofia yangu na viatu vyangu vya mpira amepewa msoma mita mpya. Nilipovidai, mkuu wa zamu alisema vifaa vya marehemu havirudishwi kwa marehemu. Sasa nakanyaga matope ya watu kwa kandambili.

3. Niliomba ruhusa ya msiba, kwa kuwa mtu hawezi kufanya kazi vizuri akiwa amefiwa. Ofisi ya Utumishi ikanijibu kwamba ruhusa hiyo hutolewa kwa kifo cha mwenzi, mtoto au mzazi, na kwamba mtu mwenyewe hayumo katika orodha. Mheshimiwa, naomba unisaidie kufikiri. Ni nani aliye karibu nami kuliko mimi? Nimeishi naye tangu kuzaliwa.

4. Tanzia inasema sikuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Mwezi uliopita nilipewa barua ya onyo kwa uchelewaji. Naomba ofisi ichague moja. Kama nimekufa, basi nilikuwa nawahi, na onyo lifutwe. Kama nachelewa, basi ni mzima, maana sijasikia maiti akilaumiwa kwa kuchelewa.

5. Nyumbani hapakaliki. Wageni wanafika na nyuso za huzuni, mimi ndiye ninayewafungulia mlango, na wengine wananipa pole kabla hawajaniangalia vizuri. Mke wangu amenisihi nikae chumbani hadi waondoke, kwa sababu kila nikipita sebuleni kilio kinakatika na wageni hawajui wafanye nini na vitambaa vyao. Yeye mwenyewe kila asubuhi alikuwa akifungua tovuti kabla ya kuwasha jiko, apate kujua kama anapika chai ya mume au chai ya msiba.

6. Jambo hili ni la uchungu wa kitaalamu. Ukurasa wa kuripoti bomba lililopasuka hufunguka taratibu, mtu anaweza kufua shati akiusubiri na maji yakaisha barabarani. Ukurasa wa kifo changu hufunguka kabla kidole hakijainuka. Binti wa mitambo anasema ni kwa sababu mabomba hubadilika kila saa na mimi sibadiliki. Kwa miaka yote niliyotumika, huduma ya haraka niliyowahi kupewa na ofisi hii ni hiyo.

7. Hili la mwisho sikutaka kuliandika, lakini limeniuma kuliko yote. Nina kaka mkubwa, fundi cherehani, tumbo moja. Zamani, nikiwa kazini, nilikuta nyumbani kwake bomba lililopita nyuma ya mita ili maji yasihesabiwe, nami nikaliripoti kama kanuni inavyotaka. Wakamkatia maji. Kaka alisimama langoni mwake, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaniambia, "Kwako nitakanyaga siku ya kukuzika tu." Ni mtu wa neno lake. Tangu siku hiyo hatujaonana, na watoto wetu wamekua bila kujuana. Sasa nimekufa, tena kwa tangazo rasmi lenye nembo, na kaka hajatokea. Kwa maneno mengine, ofisi imenipa hasara zote za kufa na kuninyima faida moja tu niliyokuwa naitegemea.

Mheshimiwa, utauliza kwa nini seva haijanitupa kama binti alivyoahidi. Nami niliuliza hivyo hivyo. Akatazama ni nani anayeuomba ukurasa ule, akageuka akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, ni simu yako. Asubuhi, mchana na jioni." Ni kweli. Kila siku nafungua kuangalia kama bado nimekufa, na kwa kufungua huko seva inapata hakika kwamba kifo changu bado kinahitajika. Nikaacha. Nikamwachisha mke wangu kwa shida kubwa. Ndipo Ofisi ya Utumishi, kwa nia njema, ikatoa waraka kwa watumishi wote kwamba ni marufuku kufungua ukurasa wa kifo cha msoma mita. Siku ile nilifunguliwa kuliko ratiba ya mgao.

Kwa sababu hizo naomba kwa heshima moja kati ya haya. Ama seva izimwe na kuwashwa, hata kama ni haraka haraka wakati bango limefunikwa kwa shuka ili lisione. Ama mji mzima unyimwe mtandao kwa siku moja, jambo ambalo ofisi yetu ina uzoefu nalo kwa upande wa maji. Ama, kama yote mawili ni magumu, nizikwe na ofisi kwa heshima zote, halafu Jumatatu nirudi kazini nikiwa nimepata kofia na viatu vipya kama mwajiriwa mpya. Sitakubali kuendelea kuwa katikati. Mtu mzima hawezi kuwa hai kwenye diski na kufa kwenye kumbukumbu.

Nisalimie Afisa Habari, mwambie sina kinyongo, ila tanzia ya kwake aiweke mbali na ratiba. Nisalimie mkuu wa zamu, wenzangu wa chumba cha mita, walinzi wa getini wanaonipisha bila kunikagua siku hizi, na binti wa mitambo, ambaye ndiye peke yake ofisini anayenijibu salamu bila kushtuka. Nyumbani kwako wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, ninayepumua,

Msoma Mita, Kanda ya Juu
(marehemu kwa mujibu wa tovuti)

Tanbihi: Mheshimiwa, nilikuwa naulamba ukingo wa bahasha lango lilipogongwa. Ni kaka. Alikuja na basi la asubuhi, na begi dogo, na nguo nyeusi aliyojishonea mwenyewe. Alinikuta uani, bahasha mkononi, kando ya bomba linalovuja nililokuwa natengeneza. Tulitazamana. Machozi yalinitangulia. Akaniambia nimwonyeshe hilo tangazo. Akalisoma lote, akafika kwenye neno "mpole" akacheka hadi akakohoa, kisha akafuta macho akakaa kwenye kiti changu.

Nilimwambia ukweli kwamba sikufa. Akasema yeye aliapa kuja siku nitakapokufa, na Mamlaka ya Maji imetangaza kuwa nimekufa, naye alishawahi kubishana na Mamlaka ya Maji mara moja tu na hakuona faida. Msiba ni msiba. Atakaa mpaka utakapoisha, yaani siku ukurasa utakapoondoka. Siku hiyo atafunga begi lake, kwa sababu atakuwa hana tena ruhusa ya kukanyaga hapa. Tayari amenipima suruali, kwani anasema hata marehemu hastahili mapindo kama haya. Watoto wamemzunguka, wanamwita baba mkubwa kana kwamba wamemjua siku zote.

Kwa hiyo naomba uyafute yote niliyoandika hapo juu. Seva isizimwe. Bango lako ni zuri, libaki. Mtandao wa huku kwetu hukatika bila taarifa. Ukikatika, nakuomba kama mzazi, ufungue ukurasa wangu huko ofisini, hata mara moja kwa siku inatosha. Mimi leo nimeshaufungua, na mke wangu naye. Sasa hivi kaka ameuliza kutoka ndani kama ningali nimekufa. Nimemwambia ndiyo, kaka, kaa tu, chai inakuja.