Ile Besiboli ya Kanyamibwa

Jumanne, 1 juni 1954. Kirolirwe.
Niko na michezo mbili ya besiboli, ule mupira wa kigongo wa Wamarekani, ile ya kuchezea ku meza, ya zamani, iliyoachwa na wapasta wao. Moja haina mushale wa kuzungusha. Ingine wachezaji walipotea, naweka maharagi pahali pao. Hata hivyo, kwa michezo ya namna hii mimi njo wa kwanza katika Masisi yote. Nilikuwa! Leo jirani yangu Kanyamibwa, muchunga ng'ombe, amenionyesha yake: sanduku la chuma, la mwaka 1913, na kigongo kidogo kinachopiga mupira kweli. Anaweka tumbako ndani! Kwa wivu, ugali wangu niliuachia watoto.

Jumatano, 2 juni.
Kumuomba? Mimi, karani? Hapana. Nitamupa ng'ombe. Kwetu, muntu akipewa ng'ombe hatulii mpaka arudishe zawadi. Na hatutaji tunachotaka, ni haya. Ataelewa mwenyewe.

Alhamisi, 3 juni.
Nimemupelekea Gaju, ng'ombe yetu ya maziwa, iko karibu kuzaa. Wakati wa hotuba yangu ya kutoa ng'ombe niliangalia lile sanduku mara saba. Kanyamibwa alitokwa na machozi. Akanipa tumbako, akaitoa humo humo! Libérata, bibi yangu, aliuliza watoto watakunywa nini. Nilimwambia avumilie. Sasa anapika, anagongesha masufuria.

Jumamosi, 5 juni.
Kanyamibwa amekuja na watu kumi na pombe! Nilikuwa nimeisha kupanga nafasi ya sanduku ku meza. Alisimama, akasema Gaju amezaa jana, na kufuata desturi ule ndama wa kwanza ni wangu, akiisha kuacha kunyonya. Watu walipiga makofi. Mimi pia, lazima. Lakini sanduku iko wapi? Nikauliza, kama muntu asiyejali, siku hizi anaweka tumbako wapi. Akasema mu kikapo. Sanduku alimupa Émile, katekista. Nikauliza Émile alimutolea nini.
“Hakuna. Aliniomba tu,” akasema. “Hata wewe kaka, ungeniomba ningekupa.”
Pombe yote ilikuwa chungu.

Jumapili, 6 juni. Pentekoste.
Émile alisoma somo mbele yetu, kifua juu. Sikusikia neno hata moja. Nilikuwa naona kile kigongo mu mikono yake. Michezo yangu mbili naiona kama takataka. Nimuombe? Yeye? Ni haya!
Tumebakia na ng'ombe moja. Kesho asubui, mbele Libérata aamuke, naipeleka kwa Émile. Simwambii kitu. Ataelewa mwenyewe.