Joto la Kumfikisha Mama Mkwe Bukene

Jumatatu, 30 Juni 2025

Baridi! Asubuhi maji ya ndoo uani yamening'ata vidole kama mbwa. Kipupwe kimeingia Tabora kwa hasira. Upepo umezagaa mtaa wetu wote wa Ipuli, unaingia mpaka chini ya mlango.

Siku njema kwa mwenye gari, ungedhani. Wapi! Gari langu ni la umeme, la kwanza mtaani kwetu. Limetoka Japani betri ikiwa imeshazeeka. Nilitoa pikipiki mbili na mizinga yangu yote ya nyuki ili nilipate. Bila hita linakwenda vizuri tu. Ukiwasha hita, linatafuna umeme kama mchwa. Leo nimempeleka abiria sokoni hita ikiwaka. Kurudi nimesukumwa.

Waliosukuma ni vijana wa kijiwe cha Majidi, jirani yangu na adui yangu. Majidi ana Noah ya petroli. Injini yake inachemka yenyewe, joto anapata bure. Akaniambia, kwa sauti ya huruma, kwamba gari lisilo na moto tumboni ni kabati lenye magurudumu. Watu wakacheka. Nimemsamehe.

Sijamsamehe.

Jumatano, 2 Julai

Neema! Mama mkwe wangu, Mama Tekla, anaruhusiwa keshokutwa kutoka hospitali ya Kitete. Alilazwa kwa nimonia. Daktari amemwambia mke wangu, Gaudensia, kwamba kifua cha mama bado, asipigwe na baridi hata kidogo njiani. Na kwao ni Bukene. Safari.

Shemeji Silasi, kaka yake Gaudensia, alikuwa ameshakubaliana na Majidi. Majidi! Nikamwambia mkwe hawezi kuwa hai, ana gari, halafu mama mkwe akapakiwa na mtu baki. Silasi akauliza kama gari langu lina joto. Nikasema lina joto kuliko jikoni. Akaguna. Mwisho tumeafikiana: mimi nambeba mgonjwa na Gaudensia, Silasi na magodoro watafuata nyuma kwa Majidi.

Gaudensia hakusema neno. Ndoa yetu imemfundisha kunyamaza kwa namna inayosikika.

Sasa nalitafutia kabati joto. Nimeandika kabati? Gari.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeanza na madumu ya maji ya moto, chini ya viti. Kwenye tuta la kwanza kizibo kikafyatuka. Nimeungua kifundo cha mguu. Kiti cha nyuma kimelowa na kinanuka togwa, maana dumu lilikuwa la togwa.

Halafu nimeziba kila upenyo kwa nailoni na gundi ya karatasi. Milango, vioo, hata matundu ya hewa pale mbele. Nimeacha mlango wangu tu na ule wa nyuma wa kupandia abiria, nayo nimeiwekea vitambaa. Kazi safi! Upepo hauingii kabisa. Joto nalo haliingii, kwa sababu halipo.

Jioni nimepata jibu, na ni aibu sikuwaza mapema. Jiko la mkaa! Lile dogo la udongo la Gaudensia. Linakaa sawasawa sakafuni mbele, upande wa abiria, na bati lenye matundu juu yake.

Nikiwa napima, akapita Mama Agnetha, jirani, aliyekuwa muuguzi zamani. Akasimama.

"Damas mwanangu, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua."

Nikamwambia shikamoo kwanza. Kisha nikamweleza kwamba hiki si chumba, ni gari, na linatembea. Akaondoka anatikisa kichwa. Watu wazima hawapendi maendeleo.

Ijumaa, 4 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Nitaeleza kwa utaratibu, ili ijulikane nani alifanya nini.

Tulitoka asubuhi. Mama mkwe alikuwa amefunikwa mablanketi mawili, anatetemeka. Gaudensia alipoliona jiko akashtuka. Nikamwambia mkaa nimeuwasha nje mapema, moshi umeshaisha, kilichobaki ni joto tupu. Akamtazama mama yake anavyotetemeka. Akapanda.

Mkaa ulichelewa kukolea, kwa hiyo kwanza niliwasha hita ya gari. Kidogo tu. Mpaka tulipouacha mji. Baadaye jiko likashika, nikaizima hita, na hapo raha ikaanza! Joto la kweli. Mama mkwe akaacha kutetemeka. Akasema, "Asante, baba." Kwangu! Hajawahi kuniambia asante.

Kwa mila zetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Kwa heshima nilikuwa nimekigeuzia pembeni kile kioo cha ndani. Kwa hiyo sikuwaona. Niliwasikia tu. Gaudensia alilalamika kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni njaa. Baadaye wote wawili wakanyamaza. Nikafurahi. Nikasema moyoni, wamelala, kweli Majidi atakoma. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kizito, na nikawa naona barabara inajikunja mahali ambapo haina kona.

Betri ikaisha katikati ya pori. Ile hita ya mwanzo ndiyo iliyoniponza. Mbele kulikuwa na kijiji, na kwenye kijiji hapakosi mashine ya kusaga. Nikawaacha abiria wangu kwenye joto, nikafunga mlango vizuri nyuma yangu, na kitambaa nikakipachika tena ili baridi isiwaguse. Nikaenda.

Babu zetu walitembea kutoka nchi hii mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani. Mimi kwa mwendo ule mfupi nimetapika mara mbili. Mwenye mashine, Ngollo, mtu mwema, alikubali kunipa umeme na akanikopesha waya. Waya haukufika hata mwisho wa uwanja wake. Nikageuka kurudi, nikiwa na waya begani.

Nikaona Noah imesimama nyuma ya gari langu. Milango yote ya gari langu wazi! Nailoni imechanwa! Na Majidi anamburuta mama mkwe wangu kwa makwapa, anamtoa nje, kwenye upepo.

Nikapiga kelele. "Majidi! Abiria wangu huyo!"

Akamlaza kwenye majani. Silasi akapiga magoti, akawa anampiga mama yake makofi mashavuni, anamwita mama kwa kilugha, "Mayu! Mayu!" Gaudensia alilala chali pembeni. Mdomo wazi. Hakuwa amelala usingizi. Nimelala naye miaka mingi, uso wake wa usingizini naujua. Ule sio.

Waya uliniponyoka. Sikumbuki niliketi saa ngapi.

Majidi ametuleta Kitete sote kwenye Noah yake, vioo vyote chini. Baridi ya kufa mtu. Hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 5 Julai

Wote wako hai. Wamewekewa hewa ya mtungi. Gaudensia aliamka jana jioni, mama mkwe leo. Daktari amenieleza kuhusu mkaa, polepole, kama anaongea na mtoto. Akasema wangebaki mle muda kidogo tu zaidi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Silasi hanisalimii. Amekaa upande wa pili wa benchi na Majidi, wanakula chapati. Sikupewa.

Nikaingia kumwona Gaudensia. Akaongea kwa sauti ndogo sana.

"Damas, nilikuwa nakusikia. Nilisikia ukifunga mlango. Nilitaka kuufungua, mkono ukakataa."

Nikamwambia kitasa cha mlango ule ni kigumu kweli, nitakitia grisi.

Akageukia ukutani.

Jumanne, 8 Julai

Mama mkwe ameruhusiwa tena. Mkono wa kushoto unamtetemeka, na kikombe hakishiki. Jina la Silasi, mwanawe wa kumzaa, linampotea, anamwita kwa jina la marehemu mumewe. Langu halijampotea. Aliponiona mlangoni alisema, "Damas," akajifunika kanga mpaka usoni. Daktari anasema huenda akapata nafuu. Huenda.

Amepelekwa Bukene na Majidi. Gaudensia amekwenda naye kumuuguza. Nikauliza atarudi lini. Akasema mama hawezi kujilisha. Nikarudia swali. Akapanda Noah. Amechukua nguo zake zote, na sufuria kubwa.

Nyumba ni baridi. Nimelala na koti.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekuwa na nafasi ya kutafakari, maana hakuna wa kunikatiza. Nimelipitia suala lote bila upendeleo. Makosa yalikuwepo, nakiri. Mkaa ni kitu cha kizamani. Na mgonjwa wa nimonia si mtu wa kumjaribia chombo kipya, angeweza kuzidiwa hata kwenye ndege.

Mama Agnetha amepita tena, akaniuliza Gaudensia yuko wapi. Nikasema likizo.

Mchana nimepata dukani jiko la mafuta ya taa. Dogo, jepesi, la utambi. Halina mkaa hata chembe! Nimeling'oa bati la jiko la zamani, jipya limekaa pale pale kama limezaliwa humo. Nailoni nimeibandika upya, mara hii tabaka mbili, kwa sababu upepo umeongezeka.

Majidi hajui bado. Jumamosi kuna arusi Urambo, na kwaya ya Moravian wanatafuta usafiri wa alfajiri. Nimemwahidi mwalimu wao, Modest, kwamba watafika wakiwa wamepata joto mpaka kooni. Amefurahi sana, baridi inawaharibia sauti.

Sina wasiwasi wowote. Safari hii nimechagua watu wenye mapafu.