Mwanga Unaosikia Chuma

Jumatatu, 4 Machi
Mtambo wa mwanga umefika karakanani. Ee Mola, mambo yako! Mtaalamu wake, binti wa umri wa kifungua mimba wangu, katueleza. Leza moja inabisha hodi kwenye chuma, ya pili inasikiliza. Hiyo ya pili mwali wake unagawanywa: nusu inakwenda kwenye chuma, nusu kwenye kioo kilichotulia ndani ya mtambo. Zikirudi zinakutana. Chuma kikitikisika kidogo tu, chini kabisa ya unene wa unywele, zile nusu hazipatani tena, na mtambo unajua. Sauti ya hodi hiyo ndani ya chuma ni kali mno, hata mbwa hawezi kuisikia. Nilisimama mdomo wazi.

Halafu baridi ikaniingia. Kazi yangu hapa ni kung'arisha. Kabla ya kupima kama chuma kina ufa ndani, lazima nikisugue kiwe laini, nipake grisi, ndipo kipimo kishike. Mtambo huu unapima chuma kikiwa na makovu yake, bila kukigusa. Meneja kaniangalia. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wetu wa kusubu vyuma kwa kuviyeyusha na kuvimimina, kanishauri nianze kufuga kuku.

Jumanne, 5
Mke wangu kasema nimwachie Mungu. Nimemwachia, ila mikono kanipa ya nini?

Kesho Meneja anaoneshwa mtambo ukipima kipande cha shemeji. Kimetoka kwenye mchanga wa kusubia kina uso kama ganda la fenesi. Tangu lini mtu akajitazama ukutani? Mwanga na kioo ni ndugu! Nikiking'arisha mtambo utasikia maradufu, na wote watajua bila mimi hakuna kazi. Nimebaki wenzangu walipotoka. Msasa mkali, msasa laini, kitambaa. Sasa naweza kuchana ndevu humo.

Jumatano, 6
Aibu! Mtaalamu katugawia miwani, kawasha. Mstari kwenye kiwambo umelala kama maiti. Mwanga ulikipiga kipande changu ukadunda wote upande mmoja, ukatua tumboni kwa Meneja. Shemeji kasema afadhali, leo tumepima kitambi.

Mtaalamu alizima upesi, akakiinua kipande, akajiona humo. Hakufoka. Aliuliza tu, "Nani amekinyoa?"

Wote wakatazama mikono yangu. Myeusi.

Kanieleza kwa upole. Uso wenye makovu hutawanya mwanga kila upande, kwa hiyo daima kuna unaorudi, na mtambo huu umeundwa kuokota makombo hayo na kuyasoma pamoja. Chuma kilichogeuzwa kioo kikiinama kidogo tu, mwanga wote umepotea. Meneja akasema niende nyumbani nikapumzike. Najua maana ya kupumzika. Nina watoto shuleni.

Nilikuwa mlangoni shemeji alipoweka kipande kingine, fenesi tupu. Mtaalamu akawasha. Mstari ukaamka! Ukatetemeka, ukapanda, ukatulia, kisha ukainuka tena kidogo, mahali ambapo haukupaswa. Mwangwi. Ufa, ndani kabisa ya chuma, jicho la mtu halijapata kuuona. Chuma kilikuwa kinalia, na mwanga umekisikia! Je, na sisi, tuliofunikwa ngozi tu, tunamficha nini Muumba? Nikatokwa na machozi, mbele ya shemeji. Nilimngoja anicheke. Kavua kofia.

Alhamisi, 7
Nimeitwa! Kumbe shemeji ndiye aliyeniombea kwa Meneja. (Anasema dada yake alimtishia.) Na Mtaalamu kaongeza kuwa mtu anayelilia ufa anafaa kukaa na mtambo. Nimekuwa mtunzaji wake. Kazi ni kufuta vumbi kwa kitambaa laini, basi. "Usisugue kitu, baba," kasema. Nimeapa. Nimesali rakaa za shukrani na magoti bado yanauma.

Nami nimeelewa somo, namshukuru Mungu: mwanga unapenda makovu. Jioni nilichungulia ndani ya mtambo. Kile kioo chao, masikini, ni laini tangu kilipotoka kiwandani, hakina hata mkwaruzo mmoja! Wasomi nao husahau. Nitamfanyia binti wa watu wema wa kumshtukiza. Tena kiapo changu kiko pale pale: kusugua ni kulainisha, mimi nakwenda kukwaruza.

Kesho nawahi. Msasa mkali uko mfukoni.