Baruti Safi na Blanketi la Bi Kubicek

Jumatatu, 6 Januari

Bahati imebisha hodi, na kama kawaida imenikuta nimeshavaa viatu.

Kikao cha kilabu ya bastola kilikuwa kinakwenda vizuri, kule ghala la chini ya kiwanda cha zamani cha jibini, mara akateremka Bi Kubicek. Jengo ni lake. Juu yetu ana duka la mablanketi ya viraka anayoyashona kwa mkono wake. Akatupitishia blanketi puani, mmoja mmoja, tulinuse. Moshi. Akasema hana ugomvi na bastola, marehemu mumewe alikuwa mlenga shabaha hodari, ila mteja hanunui blanketi linalonuka vita. Ametupa mpaka Jumamosi ya tarehe 18. Moshi ukipanda tena, tuhame.

Tuhamie wapi? Huku Wisconsin, Januari, ukivua glavu nje ili upige bastola, kidole hukioni tena mpaka Machi.

Risasi zetu tunazijaza wenyewe. Ganda lililokwisha kupigwa unaliokota, unalisafisha, unalitia baruti na kichwa kipya. Kwa hiyo moshi ni wa baruti. Hilo nilisema mimi, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Ikapitishwa kwamba atakayeleta baruti safi ndiye atakuwa Mkuu wa Baruti, cheo kilicho wazi tangu afariki baba. Jina lake, ORVILLE TOLLEFSON, liko kwenye kibao cha shaba juu ya jiko la kuni. Chini yake pana nafasi tupu. Nimeitazama nafasi hiyo miaka kumi na moja.

Jaribio ni hivi: kila mshindani apige risasi hamsini, mlango umefungwa, blanketi jeupe limening'inia nyuma yake. Blanketi litakalobaki jeupe ndilo mshindi. Nikanyoosha mkono. Akanyoosha na Gaylen, kaka wa mke wangu. Shemeji huyu hanyooshi mkono mpaka aone wangu uko juu.

Jumatano, 8 Januari

Nimenunua makopo mawili ya baruti, aina mbili tofauti. Muuzaji akasema zote mbili zinaungua vizuri. Nikamwambia hilo nitaamua mimi.

Faida yangu kwa Gaylen ni kubwa mno, karibu nimwonee huruma. Yeye hununua vichwa vya risasi dukani. Mimi naviyeyusha na kuvimimina mwenyewe, kisha navipaka nta yangu maalumu ili vipite kwenye mtutu bila kukwaruza. Nta hiyo niliibuni mimi: nta ya nyuki, nusu, na mafuta ya nyama ya nguruwe tunayokaanga asubuhi, nusu. Hakuna mwingine mwenye nta kama hiyo kaunti nzima.

Hata mbwa wa Gaylen, Fritz, anatambua kazi nzuri. Nikipita na kisanduku cha risasi hunifuata mpaka garini huku akidondosha mate.

Alhamisi, 9 Januari

Kopo la kwanza. Nimepiga nyuma ya zizi, kwenye upepo mkali. Hakuna moshi hata chembe! Nikaingia ndani kumtangazia Arlys ushindi. Mke wangu akauliza kama upepo ule haukuweza kuupeperusha hata moshi wa treni. Swali la mtu asiye na sayansi.

Hata hivyo mchana nikapiga ndani ya zizi, milango imefungwa. Moshi mwingi. Ng'ombe wamekasirika. Maganda yametoka meusi kama sufuria la kambini. Kopo la kwanza nimelifukuza kazi.

Jumamosi, 11 Januari

Nimempeleleza Gaylen kwa akili sana. Nilijifanya namrudishia keekee yake ya kutobolea barafu ziwani, niliyoiazima majira mawili ya baridi yaliyopita. Alishangaa mpaka akaniwekea kahawa.

Nilitegemea kutafuta siri yake kwa saa nzima. Alinieleza yote kabla sijakoroga sukari. Baruti hajabadilisha! Anatumia ileile ya zamani, anachobadilisha ni vichwa, sasa ni vile vilivyopakwa rangi ngumu, havina nta. Akaniwekea mkono begani. "Shemeji, moshi wako si baruti. Ni ile nta yako. Unakaanga nyama mle ndani, bwana, halafu unalaumu jiko."

Nikacheka hadi kahawa ikanipalia. Adui anayekupa siri yake bure ana siri nyingine mfukoni. Anataka niache nta, mtutu wangu ukwaruzwe, nikose shabaha. Nimemshukuru kwa upole. Keekee nimeondoka nayo tena, kwa kuwa Jumapili nina mpango wa kuvua.

Jumapili, 12 Januari

Sikuvua. Kopo la pili ni muujiza.

Nimepiga risasi thelathini. Nikaokota ganda la kwanza, nikalitazama, nikakaa chini juu ya ndoo. Linang'aa! Nikapitisha kidole ndani, kimetoka kama kilivyoingia. Yote thelathini hivyohivyo. Nimetafuta baruti hii maisha yangu yote, na sasa ninayo mimi, wala si Gaylen. Nilitamani baba angekuwapo alione lile ganda. Asingesema kitu, angelitia mfukoni tu, na mimi ningejua.

Moshi ulikuwepo kidogo. Yaani, sikuuona mlango. Lakini hiyo ni baridi, kila mtu akipumua Januari hutoa moshi.

Arlys alikuja kuniita chakula akanusa hewa. Akauliza nani anapika kifungua kinywa zizini saa saba mchana. Kisha akasema kopo lake la mafuta ya nguruwe ni tupu na alikuwa anayataka kwa maharage. Kisha akasema Gaylen amempigia simu. Nikamwambia damu ni nzito, natarajia amtetee kaka yake. Akajibu kwamba nyani haoni kundule, akarudi ndani. Tumekula maharage makavu, yasiyo na mafuta.

Jumanne, 14 Januari

Siku ya mikakati.

Kwanza, nimeagiza bamba dogo la shaba lenye jina langu, DELMAR TOLLEFSON, kwa herufi zilezile za baba. Mchongaji aliuliza kama nimeshapewa cheo. Nikamwambia achonge.

Pili, kwa heshima ya siku yenyewe, risasi hamsini za Jumamosi nimezipa nta maradufu. Mafuta nimeyapata kwa kula nyama ya kukaanga asubuhi, mchana na jioni siku mbili mfululizo. Tumbo linalalamika. Ushindi una gharama zake.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika nikiwa nimetulia. Nimetulia kabisa.

Gaylen alitangulia. Risasi hamsini, blanketi jeupe. Mtu alipiga makofi, nikaiweka sura yake akilini.

Nikafuata mimi. Hamsini, bila kusita, na shabaha nzuri pale nilipoiona, yaani nane za mwanzo. Nilipomaliza nikayakusanya maganda, nikammiminia Bi Kubicek kwenye glavu yake nyeupe. Akayageuza, akayamwaga, akainua mkono. Glavu haikuwa na doa! Watu wakasema aaa. Sijapata kuwa na dakika kama ile tangu nizaliwe, na nitaikumbuka nikiwa nazikwa.

Kisha tukageuka kulitazama blanketi.

Hatukuliona. Moshi ulikuwa umesimama kati yetu kama ukuta wa buluu. Ulipopungua, blanketi lilikuwa la manjano, na Fritz amesimama kwa miguu ya nyuma analilamba. Bi Kubicek akakiri kwamba ameshikwa na njaa. Hilo halikunisaidia.

Gaylen akaomba risasi yangu moja. Akakwangua nta kidogo kwa ukucha, hakuna baruti hata punje, akaiweka juu ya jiko la kuni. Ukapanda moshi wa buluu, na harufu ikajaa ghala zima. Niliyatazama maganda yangu yaliyolala sakafuni, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ile nafasi chini ya jina la baba ilivyo mbali. Nilitaka kwenda nyumbani.

Ndipo shemeji akasema jambo. Alisema yeye hajaleta baruti yoyote, ameleta vichwa tu, na cheo ni cha baruti. Maganda yake bado ni meusi. Yangu yametia aibu kijiko cha fedha. Baruti ya Delmar ndiyo safi, inunuliwe na kilabu nzima, na jina la Delmar lipande ukutani. Sharti ni moja tu: ile nta isipite tena mlango huu. Bi Kubicek akasema kwa sharti hilo tunabaki.

Mikono ikapanda yote. Hotuba sikuitoa, nami nilikuwa nayo mfukoni, kurasa nne. Nilimshika Gaylen mkono. Nimemrudishia keekee.

Bamba nililitoa mfukoni palepale. Gaylen akasema alijua ninalo.

Jumatatu, 20 Januari

Mkuu wa Baruti ameamka mapema.

Nimekwenda ghala la chini peke yangu kukitazama kibao. ORVILLE. DELMAR. Nimesimama muda mrefu, sioni haya kusema macho yalilowa. Ila bamba la baba limefifia, na langu likaonekana linajivuna chini yake. Haipendezi. Kwa bahati nilikuwa na kipande cha nta yangu kwenye koti, hakikupakwa risasi yoyote, kwa hiyo sharti halikuvunjwa. Nimeyapaka yote mawili kwa ukarimu, yakang'aa. Kisha nikawasha jiko lililo chini yake, maana mkuu hafanyi kazi kwenye baridi, nikaketi kuhesabu makopo mapya ya kilabu.

Baada ya nusu saa Bi Kubicek alishuka ngazi mbio, blanketi mkononi. Mle ndani hamkuonekana kitu. Akauliza nani amepiga bastola. Nikamwambia ukweli: tangu Jumamosi haijapigwa risasi hata moja. Akauliza basi moshi huu wa nini, na mbona unanukia kifungua kinywa.

Mtu mwingine angebabaika. Mimi nilimjibu kama mwenye cheo. Nimekiri kwamba nilikosea, na kesho natafuta aina nyingine, kwa sababu baruti hii ni chafu kuliko nilivyodhani: inatoa moshi hata ikiwa kwenye kopo.