Koo la Redio ya Mzee Gichuru

Jumatatu, 9 Juni

Eeh, nilikuwa nimefika wapi kabla stima ipotee? Redio. Haya. Nimeiwasha tena na bado inaongea kama mtu ameweka kiazi moto mdomoni. Mtangazaji anasoma habari za vita, mimi nasikia kama anasukutua. Ni ya baba mkwe wangu, Mzee Gichuru. Kubwa, ya mbao, ya kushika stesheni za ng'ambo. Aliiacha hapa mtaani Kaloleni alipostaafu kazi ya reli akarudi mashambani.

Jumamosi anakuja, ana kliniki ya macho. Amesema kwa simu atalala mahali redio yake inaongea vizuri. Nikishindwa, ipelekwe mtaa wa Umoja kwa Shiro, bibi ya shemeji yangu, na yeye alale huko huko.

Kwa Shiro! Haiwezekani. Mwenye kulaza Mzee ndiye anapata habari za nyumbani zikiwa moto. Na kuna habari! Kiarie, kitinda mimba wa Mzee, harusi yake imevunjika kamati ikiwa imeshakodi mpaka hema. Sababu hakuna anayejua. Mimi sijui! Mimi! Chakula hakishuki.

Jumatano, 11 Juni

Nimeweka betri mpya. Sasa inakwaruza kwa nguvu zaidi. Nikachomoa chaja ya simu iliyokuwa kando yake, ile nzzzz ikaisha. Kumbe ilikuwa na magonjwa mawili! Lakini kiazi kimebaki.

Nikashuku taa za Akech, jirani wa ukuta mmoja, ndizo zinaivuruga. Nikaenda kumwomba azime. Akaniambia, Mama Eve, hata mwezi ukiwaka utasema ni mimi nimeuwasha. Hakuzima.

Jioni nimechomeka earphone za msichana wangu, majirani wasisikie aibu yangu. Maajabu! Sauti safi, kama mtu amekaa hapa kwa kochi. Nikachomoa: kiazi. Nikachomeka: mtu. Nikachomoa: kiazi! Nimecheza hivyo mpaka ugali ikaungua. Redio moja, sauti mbili, kama Shiro akiwa kanisani na Shiro akiwa kwake. Si hiyo ni kusema redio yenyewe ni mzima, ni spika ndiyo mgonjwa? Na sijauliza fundi yeyote! Mimi ningesoma ningekuwa daktari.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefungua mgongo wa redio na kisu cha mboga. Vumbi ya tangu Mzee akiwa na nywele. Ile karatasi nyeusi ya spika, ile hutetemeka ukiongeza sauti, imepasuka. Na hapo kwa mpasuko amekaa mende, ananiangalia kama mimi ndio mgeni.

Nikapita kwa Mutisya, fundi wa pale karibu na social hall. Akasema nibandike karatasi nyembamba na gundi kidogo. Gundi gani, alisema, lakini hapo ndipo Muturi wa kinyozi akapita na mama simjui, wamevaa nguo za kanisa siku ya kazi! Niliporudisha masikio Mutisya alikuwa amemaliza. Nikaona aibu kuuliza tena.

Gundi si ni gundi? Nimepika uji wa ngano, ule mama yangu alikuwa anabandikia magazeti kwa ukuta. Nimepaka, nimekausha kando ya jiko. INAONGEA! Nimerekodi nikamtumia Shiro. Amejibu na kidole gumba peke yake. Imemuuma.

Ijumaa, 13 Juni

Mende wamekula kiraka. Chote, na karatasi ya kando! Yule mmoja alialika ukoo. Nimewasha, imelia kama bata. Na Mzee nimeshamwambia aje kwangu!

Nikakaa chini nikafikiria. Kama tundu la earphone linatoa sauti safi, nani alisema lazima iende kwa sikio? Akech ana spika ya bluetooth, ya mazoezi ya kwaya; hushika simu yake bila waya, ila betri yake imekufa, haiwaki bila stima. Nikamwambia nataka kusali nayo. Akauliza, tangu lini ukasali kwa sauti, wewe husali ukichungulia dirisha? Lakini alinipatia, ni mtu mzuri. Nimevuta waya kutoka redio mpaka spika, nimeichomeka stima, nimeficha spika nyuma, nimefunika na kitambaa. Safi kama kengele!

Jumamosi, 14 Juni

Mzee amefika. Chai, chapati, kiti kizuri. Shiro naye amekuja, ati kumsalimia. Nikawasha, habari ikatiririka. Mzee akafunga macho akasema, Mama Eve, wewe ndiye umeitunza hii nyumba. Shiro akafunga mdomo kama pochi.

Ghafla tuuu-dum! Mtangazaji akapotea. Akech amerudi kutoka sokoni na simu yake imeshika spika, ikaanza kutoa ujumbe wa sauti wa rafiki yake wa kwaya anayekaa ploti moja na Shiro huko Umoja. Mama huyo kwa sauti kubwa: wewe Akech, unajua kijana wa Mzee Gichuru, Kiarie? Si harusi ilivunjika, sasa sababu ni hii...

Mzee akang'oa waya wa stima kwa fimbo! Hapo hapo! Kabla ya sababu!

Akauliza, nani amepelekea watu wa ng'ambo habari za mtoto wangu? Shiro akaonyesha mimi na mdomo. Akasema, Baba, ni nani hapa hukaa na redio? Kumbe ni Shiro mwenyewe amemwaga kwa ploti yake! Lakini nikimtaja, lazima nitoe spika nje. Nikavuta kitambaa kikafunika spika vizuri. Mzee amebeba mkoba, ameenda Umoja, amesema hawezi kulala na chombo kinamsengenya.

Ati mimi nimetoa siri. Siri ambayo sijui!

Jumapili, 15 Juni

Nimefikiria ibada yote, sijui hata mhubiri alisema nini. Kosa lilikuwa moja tu: Mzee alikaa karibu na waya wa stima. Sasa, spika bado ninayo. Na ujumbe kama ule mtu hasikilizi mara moja tu. Nimeichomeka stima tena, nimepunguza sauti kidogo, nimeketi na chai. Akech ametoka kanisani, nasikia viatu.

Tuuu-dum! Imeshika! Mama wa Umoja amefika pale pale: sababu ni hii, Kiarie alienda kwa wakwe usiku akiwa

Akech anabisha mlango na ngumi, anaita Mama Eve, anauliza mbona simu yake imekuwa bubu na ukuta wangu unaongea, wacha nifiche spi